Nyumba ya mbavu za mbwa ya Waingereza

Stoke-on-Trent, Uingereza
Septemba

Baba,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na wote hapo Pangani nawasalimu. Mimi mzima. Baridi imeanza kuchungulia ila bado hatujafika kwenye koti zito.

Simu ya juzi haikutosha. Kaka alitaka jibu la haraka kuhusu nyumba ya marehemu bibi, tuibomoe au tuiache, salio likakata, nikabaki na maneno mdomoni. Ndiyo maana naandika. Utanisamehe nikianza mbali, kwa sababu jibu langu nimekwenda kuliokota kwenye nyumba ya watu.

Jumapili nisipokuwa kazini huwa nakwenda kuangalia majumba ya kale ya vijijini. Huku ni matembezi ya kawaida: watu wazima wanabeba chai kwenye chupa, wanalipa kiingilio, wanaangalia vitanda vya watu waliokufa miaka mia tatu iliyopita. Nilianza na Chatsworth, Derbyshire. Kasri hasa, hata fremu za madirisha zimepakwa dhahabu. Nilizunguka saa tatu nikatoka na kichwa kinauma. Kisha Harewood, Yorkshire. Huko kila kitu kimenyooka kama kimepigwa rula, nami nilikusikia kabisa ukiuliza swali lako la siku zote: hela ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sukari ya visiwa vya Karibi na migongo ya watumwa walioilima. Familia ya Lascelles ilitajirika huko, na mwaka 1759 ikaanza kujenga. Mtu wa pwani hahitaji kueleweshwa sana. Vyumba vilivyobaki nilivipita haraka haraka.

Jumapili iliyopita nikaenda Little Moreton Hall, karibu na mji wa Congleton, si mbali na hapa ninapoishi. Basi halikutokea, nikatembea saa nzima kando ya barabara kuu. Kiingilio, Mama asisikie, ni kama mifuko mitatu ya saruji.

Baba, ile nyumba ni mbavu za mbwa.

Sikutanii. Ina ghorofa, imezungukwa na handaki la maji, ina madirisha ya vioo vidogo vidogo maelfu. Lakini nyumba za namna ile zilijengwa kwa kazi yako wewe: nguzo na boriti zinasimama kwanza, katikati zinasukwa fito, halafu unakandikwa udongo uliokandwa na majani makavu na samadi, mwisho chokaa. Mti ni mwaloni, mti wao wa heshima kama mvule kwetu. Waliuchonga ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unamshinda mtu. Fremu haikupigiliwa misumari. Ulimi wa boriti unaingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kinagongwa kupita katikati. Na nguzo hazikuchimbiwa chini, zimekalia msingi wa mawe. Nilichuchumaa kuangalia hapo, mama mmoja akaniuliza kama nimeangusha kitu. Mchwa hawana, lakini wana dudu fulani la kula mwaloni wa zamani ambalo hugonga kichwa ndani ya mti, tok tok tok, na usiku wa kimya unalisikia.

Walianza kujenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, wakawa wanaongeza chumba baada ya chumba kwa karibu miaka mia moja. Ndipo walipokosea. Juu kabisa waliweka ukumbi mrefu, kama mita 20, wa kunyooshea miguu siku za mvua, na juu ya ukumbi wakaweka paa la mawe yaliyochanwa kama vigae. Chini hapakuandaliwa kubeba mzigo huo. Leo ukiitazama kutoka nje nyumba imelewa, na sakafu ya ule ukumbi inapanda na kushuka kama bahari ya kusi. Mtoto mmoja aliangusha chupa yake ya maji. Ikabingirika hadi katikati, ikasita, ikageuza njia, ikaenda kugonga ukuta wa pili. Tulicheka wote, hata watu wasiojuana. Mwishoni mwa karne ya 19 walipitisha vyuma ili isiendelee kupinda. Kuinyoosha hawakuinyoosha.

Mwambie kaka kuna na choo cha ghorofani kilichokuwa kinamwaga moja kwa moja handakini, kwa hiyo choo cha bibi akiache kwa amani.

Sasa kilichonisimamisha. Uani, juu ya madirisha makubwa, kuna maandishi ya kuchongwa: jina la mwenye nyumba, William Moreton, na mwaka 1559 kwa namba za Kirumi. Pamoja naye yupo fundi. Rycharde Dale, seremala, ametengeneza madirisha haya kwa neema ya Mungu. Hata neno seremala limemshinda kuandika, herufi zimeruka, lakini limekaa pale zaidi ya miaka 450 na watu wanalipiga picha. Nikakiona kizingiti cha mlango wa bibi: herufi zako mbili na 1971, umezichora kwa msumari, ile ya pili imeelekea upande kwa sababu bibi alikuita ukale.

Mzee mmoja anayejitolea pale aliniona nimeganda, akauliza kama mimi ni mjenzi. Nikamwambia mjenzi ni baba yangu. Akauliza: udongo wenu mnauchanganya na nini? Tulisimama nusu saa tukizungumza habari za samadi.

Ndiye aliyenieleza kwa nini nyumba haikubomolewa. Moreton walinunua ardhi bei chee baada ya tauni kuua watu, wakatajirika. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 wakawa upande wa mfalme, upande ulioshindwa, na madeni yakawaandama. Nyumba ikapangishwa kwa wakulima zaidi ya miaka 200, kanisa dogo la ndani likawa stoo ya makaa. Wenye hela zama hizo walibomoa za fito wakajenga za tofali na mawe. Hawa walishindwa kifedha tu. Mwaka 1938 wakaikabidhi kwa National Trust, chama kinachotunza majengo na ardhi za namna hiyo.

Baba, najua wewe mwenyewe ulisema nyumba ile ni aibu, kwamba majirani watasema una mtoto Ulaya anakula peke yake. Hela ya tofali niliyotuma ni ya kaka. Ajenge pale kwenye mkorosho, aezeke bati, Mama apate mahali pasipovuja kabla ya masika. Hapo sina ubishi.

Ya bibi nakuuliza wewe kama fundi: ile nguzo ya pembeni iliyoliwa, unaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kushusha paa? Na ukuta wa kaskazini, ni kukandika upya au fito zenyewe zimekwisha? Ukiona inawezekana, nitajie bei ya miti na makuti, na mtoto wa shangazi aje akusaidie, mikono yake ina nguvu na hana kazi. Ukiona haiwezekani, sema, tutabomoa na sitalalamika. Kizingiti tu kisichomwe kuni. Nitakuja nacho nifanye nini sijui, lakini kisichomwe.

Mama nitampigia Ijumaa baada ya swala.

Mwanao

Picha nimemtumia dada kwenye simu. Akikwambia nimezipiga upande, mwambie nyumba ndivyo ilivyo.