Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wahitimu, Desemba 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulikubaliana hapa kwamba michango yetu isiishie kwenye rangi za kuta na viti vya meza kuu, bali iende kwenye stadi za wanafunzi wa shule iliyotulea. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitaeleza kazi yenyewe ilivyokwenda.

Tulianza vibaya, na lawama ni ya kamati ninayoiongoza. Machi tulinunua kompyuta 8 zilizotumika, tukazikabidhi kwenye paredi, tukapiga picha, tukaondoka. Nilipopita shuleni Juni nilizikuta zimefunikwa vitenge, mlango una kufuli, ufunguo anao mwalimu mmoja mwenye vipindi 28 kwa wiki. Chumba kizima kilikuwa na soketi moja. Tuliulizia bei madukani, lakini hatukumwuliza mwalimu yule lolote.

Tangu Julai tumebadili utaratibu. Wanachama wenye fani zao, fundi umeme, fundi cherehani, mhasibu na bwana shamba, wanakuja kwa zamu kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Kazi ya kwanza ikawa chumba kile kile. Wanafunzi 14 wa kidato cha pili na cha tatu walikipima, wakachora mchoro, wakakadiria vifaa, kisha wakatandaza nyaya chini ya usimamizi wa fundi wetu.

Nilikuwepo siku ya kufunga swichi. Binti mmoja wa kidato cha pili alipanda kwenye stuli, bisibisi mkononi, akasita. Fundi hakumpokea kazi. Alimwuliza tu, "Umezima wapi?" Binti akashuka, akaenda kwenye meni swichi, akahakikisha, akarudi na testa akapima tena kabla ya kugusa skrubu. Baadaye ikaonekana nyaya zimebaki mita 6. Walibishana karibu saa nzima, mpaka mmoja akachukua futi na kugundua kwamba ukuta mmoja ulihesabiwa mara mbili. Hesabu hizo sasa wamezipanga wenyewe kwenye kompyuta.

Mjumbe mmoja aliniuliza kwa nini hatujaanza na akili unde. Tutafika huko. Lakini naamini kijana anayethubutu kupima upya hesabu ya mwenzake ndiye atakayeweza kulikagua jibu la mashine badala ya kulinakili.

Kasoro iliyobaki inaniumiza. Kati ya wale 14, wasichana ni 4 tu. Mama mmoja alinieleza bila kificho: Jumamosi ni siku yake ya gulio, na bintiye ndiye anayebaki na wadogo zake. Tangu Oktoba tumefungua kundi la pili siku ya Alhamisi, baada ya vipindi. Wasichana wameongezeka, ila mafundi wanaoweza kuja siku ya kazi ni wachache.

Ndugu zangu, muda si mrefu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, kando ya ule wa elimu ya jumla, na kidato cha kwanza cha amali kilianza Januari 2024 katika shule chache. Yetu haimo. Halafu mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Madarasa na madawati yatapata wasemaji wengi. Karakana inahitaji sisi tuisemee, tena mapema, kwenye vikao vya kata na kwenye bodi ya shule.

Kamati inaomba idhini yenu kutenga theluthi moja ya michango ya 2026 kwa vifaa vya karakana, na vifaa hivyo visinunuliwe mpaka walimu watakaovitumia wakae na mafundi wetu na kuvichagua pamoja.

Zamu za Alhamisi, Januari hadi Machi, zina nafasi 6 wazi. Tunamhitaji zaidi fundi bomba, na yeyote mwenye duka anayeweza kuwafundisha vijana kutunza daftari la mauzo. Karatasi ya majina anayo katibu, pale mlangoni.