Mtoa habari asilale ndani

Ndugu Mhariri,

Kila ugaidi unapotajwa katika mwambao wetu, hasa tangu uvamizi wa Mocímboa da Praia huko Msumbiji, Oktoba 2017, wito ni ule ule: askari zaidi, misako zaidi. Askari wanahitajika, hapana ubishi. Kesi lakini huvunjikia kwenye ushahidi.

Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa New York kwa milipuko ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2010 jaji alimkataa shahidi mkubwa wa mashtaka, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mshitakiwa alipokuwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Kati ya mashtaka 285, alitiwa hatiani kwa moja. Kifungo cha maisha alikipata, lakini 284 yalianguka.

Kwetu Zanzibar, masheikh wa jumuiya ya Uamsho walikaa rumande miaka kwa mashtaka ya ugaidi, wakaachiwa Juni 2021 mashtaka yalipoondolewa. Shtaka hili halina dhamana. Ukilifungua kabla upelelezi haujakamilika, umeshamfunga mtu bila hukumu. Ndugu zake wanaona. Utafiti wa 2017 wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliwahoji Waafrika waliojiunga kwa hiari na makundi ya kigaidi: asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha dola, kama kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki.

Kisha habari zenyewe. Mvuvi wa dago, anayepiga kambi ufukweni, ndiye wa mwanzo kuona chombo kigeni kikishusha watu usiku kwenye bandari bubu. Akienda kusema, naye akawekwa ndani "asaidie upelelezi", hatorudi tena, wala wenzake. Basi anayepokea habari asiwe ndiye anayekamata. Jina la mtoa habari lisiingie kwenye jalada linalopita mikono mingi. Na nyumba isivunjwe mlango kwa neno la mtu mmoja, maana ugomvi wa shamba nao huvaa nguo ya ugaidi.

Sheha, kiongozi wa shehia, anatajwa kuwa ndiyo njia ya kupelekea habari. Sawa, ila ni mteuliwa wa serikali, na uchaguzi ukikaribia nusu ya mtaa hawamwambii kitu. Kamati za wavuvi na maimamu nao wapewe njia yao. Na mama aliyemuona mwanawe amebadilika apate mtu wa ustawi wa jamii wa kumwendea kabla ya polisi, maana akijua mwisho wake ni rumande, atanyamaza.

Msomaji,
Chake Chake, Pemba