Nondo ulizonilalamikia

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Nimefika salama, bahari shwari, na mama anakusalimia sana. Sasa nikujibu lile neno ulilonirushia pale dukani kwako Darajani, ati kiwanda chetu cha nondo huko bara kinawaibia watu uzito.

Nondo zilikuwa mbovu, hilo nakubali. Wizi haukuwapo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 yatakiwa ipate kilo 10.66. Zetu moja ilikuwa pungufu, nyengine imezidi. Aliyepata nzito hakuja kulalamika!

Ugonjwa ulikuwa beringi. Rola, yale magogo ya chuma yanayokibana chuma cha moto mpaka kiwe nondo, zilikaa juu ya beringi za faiba zinazopozwa kwa maji, na beringi zikilika rola inacheza. Chuma kinatoka tanurini kina joto la nyuzi 1,100 na zaidi, laini. Mkiani kimeshapoa, kigumu, kinaisukuma rola juu. Basi nondo ile ile kichwa chembamba, mkia mnene. Nilichomoa beringi moja nikaishika: upande huu unene wa kidole gumba, upande wa pili imebaki kama ganda la muhogo.

Tajiri yeye alitaka mota kubwa tu. Fundi wetu mzee akakataa mpaka msingi wa zege unaobeba mashine ukaguliwe. Tulipofungua giaboksi, lile sanduku la gia linalopeleka nguvu ya mota kwenye rola, bolti nne zilizunguka kwa mkono. Zege limekunywa oili miaka na miaka, ukilikwaruza kwa bisibisi linamong'onyoka. Tukavunja, tukamwaga upya, tukangoja likauke. Tajiri anahesabu siku, sikwambii maneno yake. Kulinganisha shafti ya mota na ya giaboksi peke yake kulitula siku mbili, maana pale mnagombana na sehemu ya mia ya milimita. Mwisho tukafunga beringi za chuma, na mota ile ile ya zamani ikavuta bila kulalama.

Lakini tulifunga na mifereji ya kuipeleka nondo kutoka rola hadi rola. Kazi hiyo walikuwa wakiifanya vijana kwa koleo, wanaidaka inawaka, wanaigeuza, wanaitia tundu la pili. Mguu ukichelewa, umeungua. Sasa hawaungui, na hawana kazi.

Huyu aliyekuletea barua ni mmoja wao, mtoto wa mtaani kwetu. Nondo pungufu anaijua kwa kuinyanyua tu. Umesema unatafuta mtu wa kupokea mzigo bandarini. Mjaribu wiki moja, kisha nipigie.

Wako,
fundi wa Wete