Mhariri, ya Broadway tumeshayajua, sasa tuulizeni na ya Kampala

Mhariri,

Salamu kutoka Tororo. Gazeti lenu nikilipata kitu cha kwanza mi nafungua ni ile chemsha bongo ya ukurasa wa burudani, siasa nazikuta baadaye nikiwa nimeshashiba. Sasa hizi wiki za karibuni mmeshikilia Broadway, yale maigizo ya New York, kila toleo Broadway, na silalamiki jamani, mambo ya jukwaa nayapenda toka nikiwa mwanafunzi na mpaka leo shule za huku zikiwa na mashindano ya drama wananiita niwashikie taa na spika, kwa hiyo maswali yenu nayajibu chai haijapoa. Igizo gani limekaa Broadway kuliko yote? The Phantom of the Opera, lilianza Januari 1988 likafungwa Aprili 2023, limechezwa mara 13,981. Tuzo za Tony, zile kubwa za maigizo ya Broadway, zilianza lini? 1947. Haya, tumejibu. Lakini hawa wenzangu tunaosoma nao gazeti hapa steji ya boda, Waganda, Wajopadhola, Wateso, watu wa nchi hii kabisa, Phantom wanakutajia bila kufikiri, alafu ukiwauliza Byron Kawadwa ni nani wanakuuliza anachezea timu gani.

Ndio maana nimeshika kalamu.

Kwanza hata hiyo Broadway yenyewe mnaiuliza juu juu. Watu wengi huku wanadhani ni jumba moja kubwa, kumbe ni majumba 41, na mengi yao hayako hata kwenye hiyo barabara ya Broadway, yako kwenye mitaa ya pembeni karibu na Times Square, na moja, Vivian Beaumont, liko mbali kidogo huko Lincoln Center. Kinachofanya jumba liitwe la Broadway kwa sehemu kubwa ni viti: 500 kwenda juu ndio Broadway, kuanzia 100 mpaka 499 ni Off-Broadway, chini ya hapo Off-Off. Sasa National Theatre yetu pale Kampala karibu na Bunge haifiki viti 500, maana yake ukiing'oa na kuta zake ukaipeleka Manhattan ukaipanda katikati ya Times Square bado wangekuambia pole mzee, wewe ni Off-Broadway. Hilo lingekuwa swali tamu, watu wangecheka na wangejifunza kitu. Jumba hilo hilo lilifunguliwa 1959, na 1959 hiyo hiyo ndio Lorraine Hansberry alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza tamthilia yake kuchezwa Broadway, A Raisin in the Sun, mwezi wa Machi. Wekeni hizo mbili kwenye swali moja muone kama kuna mtu atapata zote.

Alafu kuna hii ya The Book of Mormon, igizo la muziki la Broadway, ambayo nashangaa hamjaigusa kabisa na inatuhusu sisi kuliko yote. Ilianza Machi 2011, mwaka huo huo ikabeba Tony 9, mpaka leo inajaza watu, na hadithi yake inatokea wapi? Uganda! Kijiji cha kaskazini, vijana wawili wa Kimarekani wamekuja kuhubiri, kuna mbabe wa vita, kuna ukimwi, kuna njaa, yaani kila kitu ambacho muzungu akisikia Uganda kinamjia kichwani wamekipanga humo. Binti wa kijiji anaitwa Nabulungi, jina la Kiganda, huko kaskazini, sijui alifikaje. Na yale maneno wanakijiji wanayoyaimba kana kwamba ni lugha ya kwao ni ya kutungwa tu, muite mtu wa Gulu, muite wa Masaka, muite wa Karamoja, hakuna atakayeyaelewa. Mi sijakasirika sana, ile ni dhihaka, na ukiangalia vizuri anayechekwa zaidi ni yule anayekuja kutuokoa kabla hajauliza tunataka kuokolewa na nini. Lakini ujue kuna mamilioni ya watu duniani ambao Uganda wanayoijua ya jukwaani ni hiyo peke yake. Na mwaka uliofuata, 2012, Judith Adong akaweka Silent Voices pale National Theatre, tamthilia aliyoitoa kwa kuongea na watu walioumizwa na vita ya kaskazini kweli kweli, wanaouliza mbona wauaji wamesamehewa na sisi tulioumizwa hakuna aliyetuuliza. Hiyo haina nyimbo za kuchekesha. Nani anaijua? Wachache.

Sasa njoo kwenye hili ambalo mi likinijia hata usingizi unakata. Kabla Book of Mormon haijaingia kwenye lile jumba lake, Eugene O'Neill Theatre, waliokuwa humo ni Fela!, igizo la muziki juu ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, lilifunguliwa Novemba 2009 likafungwa mwanzoni mwa Januari 2011, likapata Tony 3, Jay-Z na Will Smith walikuwa kwenye waliotia hela. Ile sehemu nzito ya Fela! ni wanajeshi wa Nigeria kuvamia nyumba yake Kalakuta, wakapiga watu, wakamtupa mama yake dirishani, wakachoma. Hiyo ilikuwa tarehe 18 Februari 1977. Na siku sita tu kabla ya hapo, tarehe 12, Lagos ilikuwa imemaliza FESTAC, lile tamasha kubwa la weusi wa dunia nzima, ambalo Fela alilisusia akawa anapiga muziki wake kwake kuwasema wakubwa.

Na Uganda ilipeleka nini FESTAC? Ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa jogoo, la Byron Kawadwa. Ni mchezo wa Kiganda wa kuimba na kucheza, nyimbo alizitunga Wassanyi Serukenya, unahusu mtu wa chini anayetamani kiti cha mfalme, na watazamaji wengi waliona humo mambo ya 1966, Obote alipomfukuza Kabaka, mfalme wa Buganda. Kawadwa ndio alikuwa mkuu wa National Theatre. Akaenda Lagos, wakacheza, akarudi nyumbani. Uganda ya mwezi huo unaijua wewe mwenyewe mhariri, tarehe 16 Februari ndio Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, tunapumzika kila mwaka siku hiyo. Haikupita muda toka arudi, watu wa usalama wa Amin wakamkamata Kawadwa nje ya hiyo hiyo National Theatre, wakaenda naye, wakamuua.

Kwa hiyo tamasha moja, mwaka mmoja, msanii mmoja alikataa kwenda akachomewa nyumba, mwingine alikwenda akauawa aliporudi kwao. Wa kwanza amepata Broadway na mataa yote. Wa pili hata swali moja la chemsha bongo ya nyumbani hajapata. Simlaumu Fela wala wale wa New York, wao walimtafuta mtu wao wakamkuta kwenye sahani za santuri, kwenye picha, kwenye magazeti, kila mahali. Huyu wetu utamkuta wapi?

Na hapo ndio nafikia kinachoniuma. Mnajua kwanini maswali ya Broadway ni rahisi kutunga? Kwa sababu wale watu wanaandika kila kitu. Ukiingia kwenye sho unapewa Playbill bure, kijitabu chenye majina ya kila aliyepanda jukwaani na kila aliyeshika nyundo nyuma ya pazia, na Playbill ilianza 1884. Maktaba ya umma ya New York ina sehemu yake ya sanaa za jukwaani, toka 1970 wanarekodi maigizo yenyewe, wanaweka kamera wanachukua sho nzima wanaihifadhi, mtafiti akitaka anakwenda anakaa anaangalia. Ndio maana mtu anaweza kukuambia 13,981, siyo elfu kumi na kitu. Sisi huku michezo mingi, hasa ya Kiganda, ilichezwa wikendi kwa wikendi, ukumbi unajaa mpaka watu wanasimama, wanalia wanacheka wanarudi nyumbani, na karatasi ya mchezo anabaki nayo mwenye kundi kwenye sanduku chini ya kitanda, akifa watoto wanawashia sigiri. Wycliffe Kiyingi alianzisha kundi la maigizo la Waafrika wenyewe mwaka 1954, kabla hata hilo jumba la taifa halijajengwa. Ni wangapi leo wanaweza kukuonyesha tangazo moja la miaka ile?

Msiniambie hatuna vya kuuliza. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya bendera kupanda, mwanafunzi wa Makerere kutoka Kenya tamthilia yake ilichezwa National Theatre kwenye shamrashamra za uhuru, The Black Hermit, na mwanafunzi huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, dunia nzima inamjua lakini hapa hapa Kampala ndio jukwaa lilimpokea. Mwaka 1965 Makerere ikaanzisha kundi la kuzunguka nchi kuchezea watu bure, na walicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, jamani, Kiswahili! Leo ukisema maigizo ya Kiswahili Uganda watu wanakukodolea macho, wanasema hiyo ni lugha ya kambi na ya askari, kumbe vijana wa Makerere walishaipandisha jukwaani wengi wetu hatujazaliwa. Kuna John Ruganda wa Fort Portal na tamthilia yake The Burdens ya 1972. Rose Mbowa na Mother Uganda and Her Children ya 1987, nchi imetoka vitani juzi tu, yeye akachukua ngoma za makabila mbalimbali akazipandisha jukwaa moja wasikie kama wanaweza kupiga pamoja.

Na msisahau wale ma-VJ wa vibanda vya video, wanaokaa na maiki wakitafsiri sinema ya Kichina kwa Kiganda huku wanaweka utani wao juu. Ile mimi naihesabu ni kazi ya jukwaa kabisa, ingawa wazee wa tamthilia wakisikia nasema hivi watanifukuza.

Kama lazima muendelee na Broadway basi tafuteni zile zinazogusa Afrika. Sarafina, ambayo Uganda nzima tunaijua kwa filamu, ilikuwa jukwaani Broadway mwaka 1988 kwenye jumba la Cort. Jumba hilo toka 2022 linaitwa James Earl Jones Theatre, na James Earl Jones si mwingine ni ile sauti ya Mufasa kwenye katuni. Kabla ya hapo, 1975, John Kani na Winston Ntshona wa Afrika Kusini waligawana Tony ya mwigizaji bora. Na The Lion King ya jukwaani iko pale toka Novemba 1997, mwaka 2013 ikawa ya kwanza kuvuka dola bilioni moja pale Broadway, maneno yetu simba na rafiki yanawaingizia hela (ya hakuna matata sisemi, nimeisikia ya kutosha pale Jinja kwenye maboti ya watalii). Ukirudi nyuma zaidi kuna In Dahomey ya 1903, igizo la muziki la watu weusi watupu, waliotunga ni weusi na waliocheza ni weusi, likaingia jumba kubwa la Broadway na baadaye wakalivusha mpaka London.

Ninachoomba sasa. Kwenye ile chemsha bongo wekeni swali moja la New York na moja la Uganda, kila toleo, pembeni kwa pembeni. Alafu chini yake wekeni tangazo dogo tu: mwenye karatasi ya zamani ya mchezo, tiketi, programu, picha ya mama yake akiwa kwenye kundi la miaka ya sabini au themanini, alete ofisini mpige picha arudishiwe chake. Msichukue mkakaa navyo, watu hawawezi kuleta tena. Nyie mna mawakala mpaka Arua na Kasese, mnafika kwenye nyumba ambazo mtafiti wa chuo hawezi kufika, na hawa wazee wanaondoka kila mwaka.

Zawadi yenu ya airtime inatosha, msiongeze wala msipunguze. Na kama hamna wa kutunga maswali ya upande wetu, la kwanza hili nawapa bure: waziri yupi wa biashara wa Uganda mwaka 1979 alikuwa mwandishi na mwigizaji, mwenye kundi la Abafumi lililozunguka nchi za nje na mchezo unaoitwa Renga Moi? Hakuna kuguguli. Jibu lichapeni kichwa chini kama kawaida yenu, ni Robert Serumaga.

Msomaji wenu,
Tororo