Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: miaka 100 ya Tingatinga ianzie darasani

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAANDALIZI YA MIAKA 100 YA EDWARD SAIDI TINGATINGA, 2032

Mwaka 2032 itatimia miaka 100 tangu azaliwe Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa uchoraji wenye jina lake. Sherehe za aina hii tunazifahamu zinavyokwenda. Kamati huundwa miezi mitatu kabla, fulana huchapwa, mgeni rasmi hukata utepe, ngoma hupigwa, na kesho yake maturubai hukunjwa. Ngoma hatuipingi. Tunachoomba ni kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kitu kimoja: kitabu cha picha cha watoto chenye kazi zake mwenyewe, kimechapwa vizuri, na nakala 10 zifike kila shule ya msingi ya serikali. Tunaandika mapema kwa sababu kazi hiyo haifanyiki kwa miezi mitatu, wala kwa mwaka mmoja.

Kwa nini kitabu cha watoto, wakati marehemu hakuwa mchoraji wa vitabu? Zitazame picha zake. Mnyama mmoja ameujaza ubao, jicho kubwa linakutazama, nyuma yake rangi moja au mbili na pengine kichaka. Huo tayari ni ukurasa wa kitabu cha mtoto. Waliomfuata walilitambua hilo. John Kilaka, aliyekulia katika mkondo huohuo wa uchoraji, alitoa vitabu vyake vya picha Uswisi kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2010 mtindo huu uliingia katika katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi na kurushwa na televisheni ya Uingereza. Mtoto wa Tunduru, alikozaliwa mwenye jina, bado anasubiri zamu yake.

Tuanze na hali ya kazi zenyewe, maana ndizo zinazotukimbiza.

Tingatinga alichora kwa muda mfupi mno, kuanzia mwaka 1968 hadi alipofariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alitumia alichokipata dukani: hadibodi ya silingi na rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli. Bodi ya futi 4 kwa 8 ukiikata futi 2 kwa 2 inatoa vipande 8 bila kubakiza makombo, ndiyo maana picha nyingi za mtindo huu ni mraba wa karibu sentimita 61. Hadibodi ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Mbele imezibwa na rangi, nyuma iko wazi. Hewa ya pwani ikiingia kwa nyuma, upande huo unatanuka kuliko wa mbele na bodi inapinda. Kingo zinavimba na kuachia nyuzi, pembe zilizopigiliwa misumari zinamomonyoka, na rangi isiyoweza kujikunja pamoja na bodi inapata nyufa. Nyeupe hugeuka manjano, hasa picha ikifungiwa gizani. Mchwa nao hawabagui sanaa na mbao.

Mabaya zaidi hufanywa na watu wenye nia njema. Kuna anayefuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, na maji yanapenya kwenye nyufa na kuibandua rangi kutoka chini. Kuna anayepaka vanishi ili picha ing'ae. Baada ya miaka vanishi inakuwa kahawia na kuiondoa bila kuondoa rangi ni kazi ya mtaalamu. Kuna anayejazia palipobanduka kwa rangi mpya ya dukani. Tunashauri wizara itoe tangazo fupi hata kesho: mwenye picha ya zamani asiioshe, asiipake kitu, aiondoe kwenye ukuta unaopata jua au unyevu, aitegemeze wima kwa nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani ili nyuma ipate hewa. Tangazo hilo halina gharama, na laweza kuokoa zaidi ya mradi wowote.

Pili ni sensa ya picha zake: zipo ngapi, ziko wapi. Kazi nyingi hazipo nchini. Ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wakubwa walikuwa wageni waliofanya kazi Dar es Salaam, wakiwemo watu wa Skandinavia, ambao walirudi kwao nazo. Balozi zetu za Ulaya na Japani zinaweza kutangaza kwa familia hizo bila kuomba picha zirudishwe. Kinachotakiwa ni fomu ya ukurasa mmoja: picha ya mbele, picha ya nyuma, rula ikiwa imewekwa pembeni, mwaka na mahali iliponunuliwa, na karatasi yoyote ya zamani inayoitaja. Picha ya nyuma ndiyo watu husahau, nayo ndiyo yenye habari nyingi: aina ya bodi, mikato ya msumeno, mihuri, penseli ya bei.

Nyuma huhitajika pia kwa sababu ya kazi za bandia, na hapa wizara isione aibu kuwa mkali. Sahihi ya E. S. Tingatinga imeandikwa na mikono mingi tangu afariki. Sahihi peke yake haithibitishi kitu. Kazi zake tunazozijua ziko juu ya bodi, na zina mnyama mmoja au wachache. Ukiletewa kanvasi iliyojaa wanyama ishirini wakigombania nafasi, umeletewa mtindo uliokuja baadaye, hata kama jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Hatusemi mtindo huo haufai. Tunasema usiingie kwenye kitabu kwa jina lisilo lake. Ikibidi, kitabu kiwe na picha 11 zenye historia inayofuatilika kuliko 30 zenye mashaka.

Kuhusu hakimiliki, tumesikia watu wakitaja kikwazo ambacho hakipo. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, haki ya kunufaika na kazi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwenye kazi. Miaka hiyo kwa Tingatinga iliisha mwishoni mwa 2022. Kazi zake sasa ni mali ya umma hapa nchini. Hata hivyo tunashauri familia yake itengewe fungu la wazi katika mkataba, kwa hiari ya serikali, na ishirikishwe kwenye maneno yatakayosemwa juu yake. Wanafunzi wake ni suala jingine. Simon Mpata, aliyehamia Nairobi, alifariki 1984. Kwa hesabu hiyohiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2034. Akitakiwa kitabuni, idhini iandikwe. Mpiga picha naye ana haki juu ya picha anazopiga, kwa hiyo mkataba wake useme tangu mwanzo kwamba haki hizo zinahamia Makumbusho ya Taifa. Kifungu hicho kikisahaulika, kila toleo la baadaye litaanza kwa mabishano.

Upigaji picha ndipo miradi mingi huharibika, maana rangi ya mafuta inang'aa kama kioo. Ukipiga kwa simu, au kwa taa moja ya mbele, utapata doa jeupe katikati ya tumbo la chui, na hakuna programu itakayorudisha kilichofichwa na doa hilo. Utaratibu ni huu. Bodi isimamishwe wima, kamera iwe sambamba nayo kabisa, lenzi ikiwa usawa wa katikati ya picha. Taa mbili zinazofanana ziwekwe kushoto na kulia kwa pembe ya digrii 45, umbali sawa. Kichujio cha polaraizi kiwekwe kwenye kila taa na kingine kwenye lenzi, kisha kile cha lenzi kizungushwe mpaka mng'ao upotee. Kadi ya kupimia rangi iwemo kwenye picha ya kwanza ya kila bodi. Kisha ipigwe picha ya pili kwa taa moja tu inayotokea ubavuni, bila vichujio, ili mikwaruzo ya brashi na unene wa rangi vionekane. Bodi ya sentimita 61 ikipigwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji nukta zipatazo 7,200 kila upande. Kwa ukurasa wa kitabu tu nukta 2,600 zingetosha, lakini bodi hizi hazitakaa milele na safari ya kumfuata mwenye picha ni moja. Ipigwe kwa ukubwa wote.

Sasa kitabu. Tunapendekeza mraba wa sentimita 22 kwa 22, kurasa 24. Mraba kwa sababu picha zenyewe ni mraba: ukizilazimisha kwenye A4 utakata mkia wa mnyama au utabaki na mabaka meupe juu na chini. Wachapaji watasema mraba unapoteza karatasi. Si kweli ukipangwa: karatasi ya sentimita 70 kwa 100 inabeba kurasa 12 kila upande, tatu kwa nne, na nafasi ya kushikia mashine inabaki. Yaani karatasi moja ni kitabu kizima kasoro jalada.

Shule za msingi za serikali ni zaidi ya 17,000. Nakala 10 kila moja ni 170,000. Ongeza asilimia 5 za kufidia upungufu, ni 178,500. Hizo ni rimu 357 za karatasi kubwa. Kwa karatasi isiyong'aa ya gramu 150 kwa mita ya mraba, uzito ni takriban tani 18.7, bila jalada na bila zile zinazoharibika mashine ikiwekwa sawa. Tunataja uzito kwa sababu ndiko wizi ulipo. Mzabuni mwenye bei ya chini huandika gramu 150 na kuleta 115, ambayo picha ya upande wa pili inaonekana kwa mbele. Kipimo chake ni rahisi: mkaguzi akate kipande cha sentimita 10 kwa 10, akiweke kwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Gramu 1.5 ni sawa. Gramu 1.15, mzigo urudi.

Jalada liwe la gramu 300 lenye plastiki isiyong'aa, maana ile inayong'aa huanza kubanduka kwenye mkunjo. Kitabu kishonwe kwa uzi katikati. Pini za waya hushika kutu Pwani, Lindi na Mtwara na kutoboa karatasi, na gundi ya mgongoni hukauka kwenye joto hadi kurasa zinatoka mojamoja mikononi mwa watoto.

Kwa upande wa rangi, wino nne za kawaida za uchapaji hazifikii ile rangi ya chungwa na ile buluu ya maji zilizotoka kwenye kopo. Kuna njia mbili: kuongeza wino wa tano kwenye kurasa chache zinazohitaji, au kukubali kupungua huko na kuzisawazisha rangi kwa macho. Vyovyote iwavyo, nakala ya majaribio itolewe kwenye karatasi ileile ya kitabu na ilinganishwe na bodi halisi kwenye mwanga wa mchana, akiwepo mchoraji wa mtindo huu. Kioo cha kompyuta hakiaminiki. Na mistari myeusi ikaguliwe kwa lenzi, kwani sahani za mashine, kila moja na wino wake, zikipishana hata nusu milimita, mstari unapata kivuli chekundu pembeni na mnyama anaonekana ana mtetemo.

Maneno yawe machache, sentensi moja au mbili kila ukurasa, kwa kiwango cha darasa la pili. Kifo chake kisemwe kwa sentensi moja ya kweli mwishoni. Watoto watauliza, na mwalimu asiachwe bila jibu. Kurasa mbili ziwe za kujifunza kuchora, lakini si kwa rangi ya mafuta: thina inaumiza mapafu, na rangi nyingine za makopo zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mtoto achukue upande wa boksi, apake rangi ya maji moja kwa usawa, asubiri ikauke kabisa, achore umbo la mnyama, ajaze ndani, asubiri tena, ndipo aweke madoa na jicho. Wanaoshindwa ni wale wasiosubiri: rangi mbichi juu ya rangi mbichi hutoa tope.

Usambazaji utategemea mvua. Kusini huwa na msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na barabara za vijiji vya Tunduru na Namtumbo si za kujaribiwa na lori wakati huo. Ili vitabu viwe darasani shule zikifunguliwa Januari 2032, lazima vifike halmashauri zote kabla ya Oktoba 2031 kwisha. Tukirudi nyuma: uchapaji katikati ya 2031, nakala za majaribio na ithibati ya wizara ya elimu 2030, upigaji picha 2028 na 2029. Sensa ianze sasa. Vifurushi viwe vya nakala 10, kila kimoja kimeandikwa jina la shule, kwa sababu katoni za nakala 100 zikifika halmashauri bila mgawanyo hubaki stoo.

Maonyesho ya kuzunguka yafanywe kwa nakala zilizochapwa kwa ukubwa halisi. Bodi zenyewe zisitoke: kuzihamisha kutoka unyevu wa Dar es Salaam hadi ukavu wa Songea na kuzirudisha ni kuzipindisha mara mbili.

Tunaomba sensa itengewe fedha katika bajeti ijayo, na wizara iteue ofisa mmoja wa kuisimamia, aliyeajiriwa, si kamati. Ofisa huyo akishateuliwa tutamkabidhi fomu ya sensa na rasimu ya vipimo vya zabuni. Vyote viwili viko tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wachoraji, wapiga picha na wahariri wa vitabu vya watoto
Dar es Salaam