Dada, Mama alikuwa na hasira

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Ujumbe wako niliupata, ule wa kunitaka niache hadithi za kutisha kwa kuwa zinafungulia mashetani mlango. Najua umeniandikia kwa upendo. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na usiku nikiogopa ulinipisha nilale upande wa ukutani. Lakini hili sikubaliani nawe.

Soma moja tu, The Yellow Wallpaper ya Charlotte Perkins Gilman, iliyotoka mwaka 1892. Hamna shetani humo. Yumo mwanamke aliyejifungua karibuni, na mumewe daktari, anayempenda, anayemwita kwa majina ya kitoto na kumkataza kuandika ili eti apumzike. Anawekwa chumba cha juu chenye nondo madirishani. Anaikodolea macho karatasi iliyobandikwa ukutani mpaka anamwona mwanamke nyuma ya michoro yake, anatambaa, anaitikisa apate kutoka. Mwishowe anaibandua. Mume akiingia anazimia, na mke anatambaa kumpita juu yake.

Gilman yalimkuta mwenyewe. Mwaka 1887 daktari mashuhuri, Silas Weir Mitchell, alimwagiza ashughulike na nyumba na asiguse kalamu maisha yake yote. Alitii miezi kadhaa, nusura arukwe na akili. Baadaye alimpelekea daktari huyo nakala ya hadithi. Hakujibiwa.

Humo namwona Mama. Unakumbuka alivyokuwa akisaga meno usingizini? Tulimsikia sote wawili, na asubuhi anatabasamu, kila neno la Baba yeye "sawa". Ukaniambia anaota tu, lala. Sikulaumu kwa hilo, ulikuwa mtoto nawe. Ila siku ya mazishi ulisimama mbele ya watu ukasema Mama hakuwahi kukasirika hata siku moja. Wakatikisa vichwa kwa kukubali, nawe ukanikazia macho ili nami nitikise. Hilo ndilo lisilonitoka, Dada. Ulimsifu kwa kile kilichomtafuna!

Ndiyo maana nasoma. Hasira isiyoruhusiwa sebuleni, humo hupata miguu na kucha. Katika Beloved ya Toni Morrison, ya mwaka 1987, mtoto aliyeuawa na mama yake ili asirudishwe utumwani anarudi na mwili wake, anakula, anadai. Nani angeyasema hayo kwa sauti ya upole?

Nawe usimeze kila kitu. Shemeji akikukatiza mbele ya wageni, mwambie hujamaliza. Usicheke. Utasema ukali wangu ndio uliovunja ndoa yangu. Sikuondoka kwa ukali. Niliondoka kwa sababu nilianza kuamka taya zinaniuma, na mimi nilijua kule kunakoelekea. Wewe pia ulijua, ulipokuwa ukinisihi nivumilie.

Binti yako ameniomba nimwazime kitabu cha Gilman. Nitampa. Ukitaka kumnyang'anya, kisome kwanza.

Mdogo wako.