Kurahisisha ujumbe wa majukwaa mengi kuanzie kwenye kupokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu wanaounganisha programu zao na WhatsApp, Telegram, Slack, Messenger na SMS kwa wakati mmoja. Siku hizi kuna maktaba na huduma tele zinazoahidi kwamba ukiandika amri moja ya "tuma", ujumbe utafika kote. Ahadi hiyo si uongo, ila imerahisisha upande uliokuwa rahisi tangu mwanzo. Kutuma maandishi kwa Telegram ni ombi moja la HTTP (la kawaida la wavuti) lenye tokeni (ufunguo wa siri wa programu yako), kitambulisho cha mazungumzo na maneno yenyewe. Mifumo huangukia kwenye kupokea.

Chukua Slack. Inapoleta taarifa kwenye seva yako, hutaka jibu ndani ya sekunde 3. Isipolipata, huileta tena, hadi mara tatu. Sasa programu inayopokea taarifa, ikauliza hifadhidata, ikaita huduma nyingine ya nje, ndipo ijibu 200 (namba ya HTTP ya "nimepokea salama"), itachelewa siku ile ile huduma hiyo ya nje imelemewa. Slack itadhani taarifa haikufika, na oda ya mteja itaandikwa mara mbili. Telegram na WhatsApp nazo hurudia zisipopata jibu la kuridhisha. Kwa hiyo sehemu ya kupokea ifanye mambo manne tu: isome, ihakiki sahihi (alama inayothibitisha kwamba taarifa imetoka kwa jukwaa lenyewe), iweke kwenye foleni, ijibu 200. Kazi iliyobaki ifanywe na mchakato mwingine unaochota kwenye foleni hiyo.

Marudio yatakuja hata hivyo, kwa hiyo hifadhi kitambulisho cha kila taarifa: Telegram huita update_id, Slack event_id, na WhatsApp huupa kila ujumbe kitambulisho kinachoanza na "wamid". Jedwali liwe na sharti la upekee juu ya safu mbili kwa pamoja, jukwaa na kitambulisho. Wengi huandika msimbo wa "tazama kama ipo, kama haipo iandike". Michakato miwili ikitazama kwa wakati mmoja, yote itakuta haipo. Andika kwanza, uiache hifadhidata ikatae marudio.

Kuhusu sahihi, WhatsApp na Slack hutumia HMAC-SHA256 (hesabu juu ya ujumbe kwa siri mnayoijua wote wawili), jukwaa la Discord hutumia Ed25519 (sahihi ya jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa wazi), na Telegram hurudisha tu neno la siri ulilolipanga mwenyewe. Slack huongeza muda ndani ya sahihi ili ukatae ombi lililopitwa na dakika 5. Kosa la kawaida ni kuacha fremuweki ifungue JSON (muundo wa maandishi unaobeba taarifa), kisha kuipanga upya na kupiga hesabu ya sahihi juu ya hiyo iliyopangwa upya. Nafasi moja ikipotea, hesabu haitalingana. Nimeona majibu ya mtandaoni yanayoshauri uhakiki uzimwe "kwa muda", na muda huo huwa hauishi. Piga hesabu juu ya baiti zilezile zilizofika, kabla hujazigusa.

Ndani ya programu, ujumbe uwe na umbo moja: jukwaa, akaunti yako iliyoupokea, mazungumzo, mtumaji, aina, maandishi, viambatisho na muda. Pembeni yake hifadhi taarifa asilia kama ilivyofika, maana siku utakapohitaji sehemu uliyoiacha hutaweza kuirudisha. Vitambulisho vyote viwe maandishi, hata vinavyofanana na namba. Vya Telegram vinaweza kuzidi biti 32, na alama ya muda ambayo Slack huitumia kuutambua ujumbe ina tarakimu sita baada ya nukta. Ukiitunza kama namba ya desimali ikakadiriwa, ujumbe hutaupata tena. Messenger humpa mtu kitambulisho cha ukurasa husika tu, kwa hiyo mtu yule yule kwenye ukurasa wako wa pili ni mgeni. Tenga jedwali la watu na jedwali la anwani zao, na usiwaunganishe kwa kufanana majina.

Kwenye kutuma ndiko maktaba nyingi hukosea kwa wema. Hutafuta kile ambacho majukwaa yote yanaweza, na hubaki na maandishi matupu. Au hujifanya tofauti hazipo. Discord hupokea herufi 2,000 kwa ujumbe wa kawaida wa boti (programu inayojibu yenyewe), Telegram 4,096. SMS moja ni herufi 160 za alfabeti ya GSM (seti ya herufi za msingi za simu), lakini ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya alfabeti hiyo, ujumbe mzima hushuka hadi 70, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Sisi tunaoandika Kiswahili hili linatuhusu kuliko wengi: kile kikato cha "ng'ombe" kikiwa wima kimo katika alfabeti ya GSM, lakini programu ya kuandikia ikikipinda, hakimo. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu kwa sababu ya alama ambayo jicho halioni. Badilisha vikato na alama za kunukuu zilizopinda kabla ya kutuma.

Vitufe navyo vina mipaka. WhatsApp inaruhusu vitufe vitatu vya kujibu, kila kimoja kikiwa na maneno yasiyozidi herufi 20. Telegram inaruhusu vingi zaidi, ila data iliyofichwa nyuma ya kitufe isizidi baiti 64. Weka ufunguo mfupi hapo, mengine yakae kwenye hifadhidata yako. SMS haina kitufe kabisa. Ndiyo maana kiini cha programu kisiseme "onyesha vitufe", kiseme "mpe mtu chaguo hizi", kisha adapta (kipande cha msimbo kinachoshughulika na jukwaa moja) ya kila jukwaa iamue: vitufe, orodha, au "Jibu 1 au 2".

Lililo zito zaidi ni makosa. WhatsApp hukuruhusu kuandika kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu mteja alipoandika mara ya mwisho. Baada ya hapo unahitaji kiolezo kilichoidhinishwa kabla. Boti ya Telegram haiwezi kumwanza mtu ambaye hajaianza. Maktaba inayorudisha neno "imeshindikana" kwa yote haya haijakusaidia, kwa kuwa utajaribu tena na tena jambo lisilowezekana. Adapta irudishe majibu ya aina tatu: subiri, kama 429 (namba ya HTTP ya "umetuma maombi mengi mno"), ambapo Telegram hutaja sekunde za kungoja, badilisha, kama saa 24 zikiisha au maandishi yakizidi, na acha, kama mtu ameizuia boti.

Wapo watakaosema tungoje kiwango kimoja cha wazi. Viwango vya wazi vipo: XMPP ilichapishwa na IETF (shirika la viwango vya intaneti) mwaka 2004, Matrix ilianza 2014, na Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya ya 2022 inazilazimisha huduma kubwa za ujumbe zifungulie nyingine. Hiyo ni ya watumiaji kuzungumza wao kwa wao; boti yako bado itafuata sheria za kila jukwaa.

Anayeanza leo achague majukwaa mawili yasiyofanana, tuseme SMS na Slack, ayaunganishe kwa msimbo wa kawaida hadi yafanye kazi, ndipo achonge umbo la pamoja. Akianza na Telegram na WhatsApp tu, umbo lake litadhani kila mahali pana vitufe. Kisha azichukue taarifa asilia alizohifadhi, azirudishe kwenye mfumo mara mbili mbili na kwa mpangilio uliovurugwa, aone kama hesabu ya oda inabaki ile ile.

Wako,
Msanidi programu